Mzaha wa Reykjavik uliogeuka kuwa meya

MEI 2010, wapigakura wa Reykjavik, jiji kuu la Iceland, walimpa mchekeshaji hatamu za uongozi. Jón Gnarr, aliyeunda Chama Bora kwa mzaha tu, alizoa viti sita kati ya 15 vya baraza la jiji.

Ahadi zake? Taulo za bure katika vidimbwi vyote vya kuogelea, na dubu mweupe kwa bustani ya wanyama. Tena alitangaza waziwazi kwamba hatazitimiza! Wakazi hawakuwa wajinga. Benki tatu kuu za nchi yao zilikuwa zimeporomoka Oktoba 2008 mbele ya macho ya wanasiasa wa suti na nyuso kavu.

Kicheko kilififia alipokalia kiti. Shirika la nishati la jiji lilikuwa limelemewa na madeni, ada zikapandishwa, wafanyakazi wakafutwa. Waliomshangilia wakanung'unika, naye hakuurudisha uamuzi nyuma.

Muhula ulipokwisha mwaka wa 2014, hakutetea kiti, jambo ambalo kwa wanasiasa wa kawaida ndilo kichekesho hasa. Mwaka wa 2024 aliwania urais akabwagwa; Novemba akachaguliwa mbunge.