ISTIHADHA NI MARADHI, YATIBIWE



Ndugu Waislamu, katika madrasa na darsa zetu, kuanzia Mandawa hadi Ruangwa mjini na Nachingwea, mlango wa hedhi husomeshwa. Wanafunzi huhifadhi ni lini mwanamke aache swala, lini aoge, na vipi atawadhe mwenye damu isiyokatika. Hilo ni jema. Lakini somo huishia hapo, na swali moja halijibiwi: huyo ambaye damu yake haikatiki, nani atamtibu?

Wapo mama na dada zetu wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi nao wamenyamaza. Baadhi huambiwa kuwa ndivyo wanawake walivyoumbwa, wengine kuwa wana majini au wamelogwa. Ukimya huu huitwa haya. Sisi tunasema si haya iliyofundishwa na Sunna.

Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa damu yake haikatiki, akauliza kama aache swala. Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kuwa ile si hedhi bali inatoka katika mshipa, kwa hiyo asiache swala ila katika siku zake za hedhi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi istihadha ilitajwa zamani kuwa ni jambo la mwili, na Mtume huyo huyo ametuamrisha tutafute tiba.

Mwanamke wa Kiislamu huhesabu siku zake kwa ajili ya ibada. Hesabu hiyo hiyo ndiyo anayoihitaji daktari. Hata hivyo, tusichanganye mambo mawili. Ukomo wa hedhi katika madhehebu ya Shafi ni siku 15, na katika ya Hanafi ni siku 10. Huo ni ukomo wa hukumu ya swala, wala si kipimo cha afya. Mgonjwa asingoje siku ya 16. Damu ikizidi siku 7, ikilowesha kitambaa au pedi kila baada ya saa moja au mbili, au ikitoka na mabonge makubwa, aende akapimwe. Vivyo hivyo aliyekwisha koma hedhi kisha akaona damu tena.

Sababu ni nyingi: uvimbe katika kizazi, kuvurugika kwa homoni, mimba kuharibika, kitanzi au sindano ya uzazi wa mpango, damu isiyoganda vizuri, na mara nyingine saratani. Tiba nayo ipo: vidonge vya kupunguza damu, vya homoni, vya madini ya chuma, na upasuaji kwa baadhi yao. Si kila mwenye uvimbe hutolewa kizazi.

Anayechelewa huishiwa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio na viganja kupauka ni dalili zake. Na mwanamke wa namna hii akishika mimba, huingia katika uzazi akiwa hana akiba ya damu.

Enyi waume, mnapouza korosho na ufuta, nauli ya kumpeleka mke hospitali ni katika kukaa naye kwa wema. Akikosekana daktari wa kike, wanazuoni wameruhusu wa kiume kwa dharura, mume au maharimu akiwepo. Na wala asizuiwe kwenda Nyangao au Ndanda kwa kuwa ni hospitali za misheni, katika Hijra, Mtume (S.A.W.) alimkodi Abdullah bin Urayqit, naye hakuwa Mwislamu, kwa ujuzi wake wa njia.

Rai yetu ni kwamba kila ustadhi anayesomesha mlango wa istihadha aumalizie kwa kuwaambia wanafunzi kuwa mwenye damu hii ni mgonjwa na apelekwe kutibiwa, na kila darsa ya akina mama imwalike muuguzi walau mara moja kwa mwaka.