Mama Anayenyonyesha Asiachwe Peke Yake



Mama aliyejifungua juzi hana sauti kubwa nyumbani kama tunavyodhani. Mtoto akilia usiku, bibi husema maziwa hayamtoshi, jirani huleta dawa ya chango, baba huuliza kwa nini asipewe uji mwepesi alale. Mtoto akija kuharisha, lawama zote ni za mama.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, bila maji wala chakula kingine. Ni hatua nzuri. Lakini kadiri miezi inavyosonga ndivyo wanaoendelea wanavyopungua, na wengi wa mama hao walishafundishwa kliniki. Wanajua. Kinachowashinda ni sisi tunaowazunguka.

Tuanze na hilo neno "hayamtoshi". Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Ukimpa mtoto vijiko vya uji, ananyonya kidogo, na kwa sababu hiyo maziwa yanapungua kweli. Baada ya wiki mbili bibi anaonekana alisema sawa, kumbe uji wake ndio ulioyapunguza! Na maji nayo? Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, zaidi ya asilimia 80. Hata joto la Dar es Salaam halimfanyi mtoto wa miezi mitatu ahitaji kikombe. Yale maziwa ya kwanza ya njano, ambayo baadhi yetu bado tunayamwaga tukidhani ni machafu, ndiyo kinga yake ya mwanzo, na anatakiwa ayapate ndani ya saa moja tangu azaliwe.

Kuna pia hofu ya kubemenda. Mtoto akidhoofu, mtaa mzima unanong'ona kwamba mama amelala na mumewe, na mwanamke anamwachisha ziwa kwa aibu. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Wazee walitaka watoto wapishane, na nia hiyo ilikuwa njema; leo uzazi wa mpango unaitimiza bila kumdhalilisha mtu. Mtoto aliyedhoofu apelekwe kituo cha afya, na mama yake asisimangwe.

Halafu kuna kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kila siku kumnyonyesha mtoto wake. Siku 84 hazifiki hata nusu ya miezi sita, na saa mbili zina faida gani kwa mtu ambaye mtoto wake yuko Mbagala naye anafanya kazi Mwenge? Mama lishe, muuza mboga na kibarua wa shambani hawana hata hizo. Wao wanarudi kazini pale akiba inapokwisha.

Kwa hiyo naomba tugawane kazi. Baba, shika ndoo na sufuria miezi hii, na mtu akileta uji mkatalie wewe, asiachiwe mke wako kubishana na mama yako. Kina bibi, mna heshima kuliko bango lolote la kliniki; mkisema "mnyonyeshe tena", atanyonyesha. Vyama vya wafanyakazi, daini chumba chenye mlango, kiti na maji ya kunawa, mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa. Kamati za masoko, tengeni kona kama hiyo, maana ushuru wa kina mama hao mnaupokea kila siku. Vikundi vya kuweka na kukopa, mwekeeni mwanachama aliyejifungua fungu la kumkalisha nyumbani wiki chache zaidi.

Katika mkutano ujao wa mtaa wako, nyoosha mkono, ulitaje jambo hili, na usikubali lifungwe bila kuandikwa nani atafanya nini.