Mwacheni Yaya, Mteteeni Mtoto

Zaidi ya miaka 20 sasa watu wanabishana kuhusu Jo Frost, na bado hawajaishiwa maneno. Mmoja anaapa kwamba yaya huyu wa runinga, Mwingereza, na suti yake na nywele alizozifunga kisogoni, ndiye aliyeiokoa nyumba yake. Mwingine anamwita askari jela. Wa tatu anauliza ameupata wapi ujasiri wa kuwafundisha wazazi ilhali yeye mwenyewe hajazaa. Wa nne, na huyu mara nyingi ni wa kwetu, anacheka na kuandika kwamba fimbo moja tu ingemaliza mchezo. Kelele zote hizo, na hakuna anayemtaja mtoto wa miaka minne aliyekalishwa kwenye ngazi, kamasi zinamchuruzika, kamera imemsogelea hadi unaona kope zilivyolowa.

Nimechoshwa na ubishi huu. Ni ubishi wa mashabiki wanaomzomea refa huku mchezaji amelala uwanjani mguu umevunjika.

Lakini mtu apewe haki yake kwanza. Kipindi chake cha Supernanny kilianza Channel 4 ya Uingereza Julai 2004, na Januari 2005 ABC ya Marekani ikarusha toleo lake, lililodumu hadi 2011. Mwaka 2020 Jo Frost alirudi tena, safari hii kupitia kituo cha Lifetime. Mpangilio haukubadilika: familia imezidiwa, yaya anafika, anakaa pembeni kutazama, anawakalisha wazazi na kuwapa ukweli wao, anaweka ratiba na kanuni, anaondoka, kisha anarudi kukagua. Silaha yake maarufu ilikuwa ngazi ya watukutu. Mtoto anaonywa; akirudia, anakalishwa mahali pamoja dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake; anaelezwa kosa, anaomba radhi, anakumbatiwa. Hapigwi kofi wala hatukanwi.

Kwa hiyo wale wa fimbo wanyamaze kwanza. Wanatazama kipindi kizima ambamo mtoto aliyekuwa akiuma, kutema mate na kurusha sahani anatulia bila kuguswa na ufito, halafu wanaandika kwamba dawa ni ufito. Macho yao yameona, mikono yao imekataa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, inakataza viboko. Tanzania kanuni za shule bado zinaviruhusu. Na pande zote mbili za mpaka kuna mtu mzima anayeamini kwamba heshima huingilia makalioni. Huyo asijifiche nyuma ya mila. Akubali tu kwamba hajui njia nyingine, na kwamba yaya wa runinga amemwonyesha njia hiyo bila malipo.

Na wale wa "hajazaa"? Najua methali wanayoitegemea: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali ni nzuri, ila wanaoitamka wameondoka nyumbani alfajiri na kumwachia mtoto dada wa kazi, msichana wa miaka 19 ambaye naye hajazaa. Yeye ndiye anayemwogesha, anamlisha uji, anamlaza mchana, anajua ni sauti gani ya kilio ni njaa na ipi ni hila. Jioni mama anarudi, anawasha simu, na kuuliza mwanamke asiye na mtoto anajua nini kuhusu watoto. Jibu limesimama jikoni kwake linaosha vyombo, na mshahara wa mwezi uliopita halijalipwa. Jo Frost aliingia kwenye runinga akiwa amelea watoto wa watu kwa zaidi ya miaka 10. Akiitwa yaya wa London, tunamsikiliza. Akiwa yaya wa Singida au Kitui, tunamfokea mbele ya mtoto yule yule tunayetaka awe na adabu.

Yaya nimemtetea vya kutosha. Sasa niseme linaloniuma.

Mbinu inaweza kuwa njema na kipindi kikawa kiovu. Mtoto aliyekalishwa ngazini nyumbani kwao, mama amesimama karibu, analia dakika nne, anakumbatiwa, anasahau. Mtoto yule yule akikalishwa mbele ya kamera, fundi wa sauti na taa, dakika zake nne hazimaliziki. Zinahaririwa, zinatiwa muziki, zinakatwa ziwe tangazo la wiki ijayo, zinauzwa nchi baada ya nchi, zinawekwa YouTube. Waliokuwa na miaka minne mwaka 2005 leo ni watu wazima wanaoomba kazi na kuposa. Kilio chao bado kiko pale, na chini yake watu wasiowajua bado wanaandika kwamba "hiki kitoto ni shetani".

Nani aliwapa ruhusa? Mtajibu: wazazi walitia saini. Hapo ndipo sheria inapochechemea kila mahali. Mzazi anapewa mamlaka ya kukubali kwa niaba ya mtoto kwa sababu tunadhani mzazi ndiye ngao yake. Lakini katika vipindi hivi mzazi ndiye aliyeandika barua ya kuomba kamera. Ana shida, ana aibu, amechoka, anataka msaada ambao hana fedha ya kuulipia. Malipo ya msaada huo ni machozi ya mwanawe, na mwenye machozi hana kalamu. Hapo ngao imekuwa dalali.

Wajerumani walilipata somo hili kwa njia chungu. Kituo chao cha runinga cha RTL kilikuwa na yaya wake, Katharina Saalfrank, kuanzia 2004. Mwaka 2011 kipindi kimoja kilionyesha mama akiwapiga na kuwatisha watoto wake wadogo, tena na tena, na kamera ikiendelea kunasa. Wasimamizi wa utangazaji walisema kipindi hicho kimevunja utu wa watoto wale. Kituo kikaenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ya Hannover ikawaunga mkono wasimamizi. Saalfrank mwenyewe alishaondoka mwishoni mwa 2011, akilalamika kwamba watayarishaji wanaiingilia kazi yake ya malezi. Tafakarini hilo. Yaya mwenyewe, aliyejengewa jina na kipindi hicho, aliona kwamba mwenye nyumba halisi pale ni mhariri. Watazamaji ndio walikuwa wa mwisho kuelewa, maana walikuwa bado wanapima kama yaya ni mkali mno au mpole mno.

Kisha kuna fedha. Mtangazaji analipwa, mpiga picha analipwa, kituo kinauza matangazo, yaya anaandika vitabu vinavyouzwa. Mtoto anayelia hapewi chochote, kwa sababu eti hafanyi kazi, anaishi tu. Hollywood iliujua ujanja huo zamani. Jackie Coogan, yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin mwaka 1921, alikua akakuta wazazi wameitafuna mali yake, na California ikatunga sheria mwaka 1939 kulinda mapato ya watoto waigizaji. Vipindi vya maisha halisi vikapita dirishani kwa kudai kwamba humo hakuna mwigizaji. Ilibidi sakata la familia ya Gosselin, mapacha wawili na wengine sita waliokulia ndani ya kamera kuanzia 2007, ndipo Pennsylvania ikabadili sheria yake ya kazi za watoto mwaka 2012. Mtoto anayeamshwa, anayeelekezwa asimame wapi, anayerudia kushuka gari kwa sababu mara ya kwanza mwanga ulikuwa mbaya, anafanya kazi. Asiyeliona hilo anafaidika kwa kutoliona.

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu na runinga zao. Leo kila mzazi mwenye simu ana kituo chake. Fungueni TikTok: mtoto amevunja yai, mama badala ya kushika kitambaa ameshika kamera. Mtoto amekojoa kitandani, shangazi anamhoji kama mwandishi wa habari huku nyumba nzima inacheka. Mtoto wa chekechea anasimamishwa mbele ya darasa aeleze kwa nini hajui kusoma, na mwalimu anarekodi. Kikiitwa kichekesho, tunakisambaza. Kikiitwa malezi, tunakisambaza zaidi, na kuongeza kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli. Basi huyu mnamlea aamini kwamba aibu yake ni mali ya umma.

Utah, Marekani, mama mmoja aitwaye Ruby Franke aliwahi kuwa na chaneli ya YouTube yenye wafuasi zaidi ya milioni mbili, akifundisha malezi kwa kuwaonyesha watoto wake sita. Mwaka 2020 video ya chaneli hiyo ilionyesha, bila haya, kwamba mwanawe mmoja wa kiume alinyang'anywa kitanda kwa miezi kadhaa kama adhabu. Watazamaji walikasirika. Waliandika, walikusanya saini, waliitaka idara ya ustawi wa jamii ichunguze. Hapa nawavulia kofia: angalau mara hii maoni yao yalimhusu mtoto. Lakini Agosti 2023 mtoto mwingine wa kiume wa familia hiyo ilibidi atoroke kupitia dirishani, akiwa na njaa na majeraha, akagonge mlango wa jirani kuomba chakula na maji. Mama alikiri makosa na mwaka 2024 akafungwa. Mamilioni walikuwa wametazama kwa miaka mingi, na aliyemwokoa mtoto ni mtoto mwenyewe na jirani aliyefungua mlango. Hasira ya mtazamaji ina kasoro moja kubwa: nayo inahesabiwa kama utazamaji mmoja zaidi. Anayeangalia kwa kupenda na anayeangalia kwa kuchukia wote wanajaza mfuko ule ule.

Afrika Mashariki sheria hatujakosa. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumika, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuanika picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009. Ila zote zimeandikwa kana kwamba adui anatoka nje ya uzio. Shule ikianika, inatozwa. Mama akianika, anapigiwa makofi na kupewa matangazo ya nepi.

Ufaransa wamethubutu zaidi. Sheria yao ya Oktoba 2020 inawahusu watoto walio chini ya miaka 16 wanaotumika kwenye video za mtandaoni: sehemu ya mapato huwekwa mahali mzazi hapafikii mpaka mtoto akue, na mtoto mwenyewe anaweza kudai video zifutwe. Soma tena hilo la mwisho. Mtoto mwenyewe. Haombi kibali cha mama wala cha baba.

Hilo ndilo ninalotaka Dodoma, Zanzibar na Nairobi, na nalitaka kwa runinga na kwa simu vilevile. Kila kituo kinachomwingiza mtoto kwenye kipindi kiwe na mtu anayemwakilisha mtoto huyo peke yake, asiyelipwa kwa idadi ya watazamaji, mwenye uwezo wa kusema "zimeni kamera" na ikazimwa. Mtoto akirekodiwa analipwa, na malipo yanafungiwa. Na akifika miaka 18, neno lake moja litoshe kufuta kila kipande cha adhabu yake, kila kilio, kila kitanda kilicholowa. Mzazi akihitaji yaya wa kumsaidia, na wengi tunamhitaji, apelekewe nyumbani na ustawi wa jamii bila kamera begani.

Najua jibu lenu: vipindi hivi vimetusaidia, tumejifunza. Huenda. Ngazi ya watukutu ingeweza kufundishwa kwa maelezo, kwa mwigizaji mdogo anayelipwa, kwa katuni. Hamkutaka katuni. Mlitaka kilio cha kweli, kwa sababu kilio cha kweli kinawafanya mjione wazazi bora kuliko yule mama wa kwenye kioo. Hiyo ndiyo biashara nzima, na yaya alikuwa bango lake tu.

Basi acheni kumpigia Jo Frost kura. Mkiulizwa maoni yenu juu ya yaya wa runinga, ulizeni kwanza mtoto alikubali lini. Mkirushiwa video ya kitoto kinachoaibishwa, msiisambaze hata kwa kuilaani. Mwiteni aliyeirusha kando na mwambieni aifute. Na ukiwa ni wewe uliyeirusha, ifute leo, kabla mwanao hajajifunza kusoma maoni.