Nani Aliifungua Shule?

Vitabu vya jubilei vya shule kongwe za mlimani, kuanzia Machame hadi Mamba, vina ugonjwa mmoja: kauli ya kutendwa. Shule ilianzishwa, ikafungwa kwa sababu ya vita, ikafunguliwa tena. Kwenye kuanzishwa, jina la mmisionari lipo, na picha yake yenye ndevu. Kwenye kufunguliwa tena hakuna mtu. Utadhani milango ilijifungua yenyewe.

Chukua Marangu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Seminari yao ya walimu ilianzia Old Moshi mwaka 1902, ikahamia Marangu mwaka 1912. Machi 1916 jeshi la Waingereza likaingia Moshi, na mwaka 1920 karibu wamisionari wote wa Kijerumani wakafukuzwa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya muongo ule. Walutheri wa Marekani waliokuja kushika nafasi walikuwa wachache mno kwa mlima mzima. Sasa niambie, huko vijijini nani alikuwa anashika chaki? Ni walimu Wachagga waliosomeshwa na seminari ileile, walioachiwa madarasa bila wakubwa wao na bila fedha ya Leipzig. Vita vya pili vilipokuja, Wajerumani wakawekwa kizuizini, na mzigo ukarudi mabegani mwa walimu walewale na wadogo zao.

Kuna watakaosema majina hayakuandikwa. Mbona mengine tunayo? Filipo Njau alifundisha Marangu. Stefano Moshi alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mchungaji, kisha mkuu wa kwanza wa KKKT mwaka 1963. Tunamkumbuka kwa sababu alivaa msalaba wa askofu. Angebaki na chaki yake tu, leo angekuwa "walimu wenyeji" katika aya ya tatu.

Picha za misheni ya Leipzig zipo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzitazama. Mara nyingi Mzungu ana jina, na waliosimama kando yake ni "mwalimu na wanafunzi". Pale Moshi mjini yapo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, majina yamechongwa kwenye mawe na nyasi zinakatwa. Wapagazi waliokufa wakibeba mizigo ya majeshi hayo hawana hata kijiti.

Huko Ufaransa, mjini Caen, shule ya sekondari ya Malherbe ilikuwa ndani ya abasia ya kale. Mwaka 1944, mabomu yakinyesha, maelfu ya raia walijihifadhi humo. Baada ya vita shule ilijengewa majengo mapya, na yale ya zamani sasa ni ofisi za jiji. Wenyeji wanaisimulia habari hiyo kama habari ya watu: nani alilala wapi, nani alipika. Sisi tunasimulia mabati na matofali.

Sijaomba jina la mmisionari lifutwe. Nimechoka kuliona likikaa peke yake. Wazazi waliolipa ada kwa kahawa, wakaunda KNPA mwaka 1925 na KNCU mwaka 1933, hawakuwa wakisubiri kuokolewa. Na tabia hii haijaisha: kwenye shule za kata wanakijiji walisomba mawe na mchanga, lakini jiwe la ufunguzi lina jina la mgeni rasmi. (Aliyekuja saa mbili, akala pilau, akaondoka.)

Mtoto aliyekuwa darasani mwaka 1945 leo amevuka miaka themanini na tano. Anajua nani alimfundisha kusoma, na nani alikuwa akimchapa. Ofisi za sharika zina madaftari ya ubatizo ambayo mchwa wanayasoma kuliko sisi. Kamati inayoandaa kitabu kijacho cha jubilei iache kwanza kumtafuta mpiga picha wa droni. Ikanunue daftari la shilingi elfu moja, ipande daladala, ikabishe hodi kwa hao wazee kabla ya masika.