Paka wa stoo asiyeshikika ni hasara, si ulinzi

Ndugu mfugaji, na wewe ndugu yangu wa duka na stoo, leo naomba tuongee kuhusu paka. Najua mmezoea kunisikia nikizungumzia ng'ombe, na kuku na mdondo wao, na wapo watakaocheka. Lakini mpunga na mahindi yakishaingia ndani, stoo nyingi ninazopita huku Kahama na Katoro zina paka, na mwenye stoo nikimuuliza habari zake hunijibu vilevile: "Afisa, huyo hashikiki. Ni mkali, ndiyo maana panya wanamwogopa."

Hapo ndipo sikubaliani nanyi. Ukali wa paka kwa binadamu hauhusiani na uhodari wake kwa panya. Paka huwinda kwa sababu kitu kimetikisika na kimelia mbele yake. Hata aliyeshiba huwinda. Ukimnyima chakula ili "awe na hasira ya kazi", atahamia jalalani na kwa mama lishe, na panya watabaki na magunia yako. Anayekung'ata wewe mwenye mali anakuogopa, basi.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya tukio la kwenye zoezi letu la chanjo ya kichaa cha mbwa. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga alimleta paka wake ndani ya kiroba kilichofungwa kamba. Tulipolegeza kamba, paka alitoka kama risasi, akanichana mkono, akamng'ata mtoto wa mwenye mali kwenye kidole gumba, kisha akapotelea darini kwa jirani. Hakuchanjwa. Baba akasema ni kidonda kidogo, wapake dawa ya kienyeji waendelee na shughuli. Nilikataa. Tulikiosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kutoka kwenye dumu, dakika 15 kamili kwa saa, halafu mtoto akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Paka tukamwekea macho kwa siku 10, maana mwenye virusi mdomoni siku anapong'ata huugua au kufa ndani ya muda huo. Lakini usije ukasubiri siku hizo ziishe ndipo umpeleke mtu hospitali. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, kupona ni karibu haiwezekani.

Ni kweli mbwa ndiye anayetuumiza zaidi. Kati ya watu wanaokufa kwa kichaa duniani, hadi asilimia 99 wameambukizwa na mbwa, na hapa Tanzania inakadiriwa watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka. Upande wa Maswa, Bariadi na Meatu, wilaya zilizokuwa ndani ya mkoa wetu wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, mbwa wa vijiji vya kuzunguka Serengeti wamechanjwa kwa miaka mingi, na watu wanajua maana ya kumfunga mbwa kamba na kumpeleka uwanjani. Kwa paka hatujafika huko. Paka huumwa kichaa pia, chanjo anaweza kuipata akifikisha miezi mitatu, lakini sindano haiwezi kumfikia paka asiyeshikika. Hapo ndipo ukali unapogeuka hasara.

Na ukali huo tunautengeneza wenyewe. Kitoto cha paka hujifunza kumzoea mtu mapema sana, kati ya wiki ya pili na ya saba hivi. Kikishikwa kwa upole kila siku kipindi hicho, kitashikika maisha yake yote. Sasa angalia machimboni kwetu. Rashi ikiibuka, watu wanahamia na paka wao. Dhahabu ikikata, turubai zinakunjwa, watu wanaondoka na paka anabaki. Anazaa kwenye maduara yaliyoachwa, na wanawe hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Miezi minne baadaye unamkamata mmoja kwa wavu, unamfungia stoo, unashangaa ni paka shume. Ongeza watoto wanaomrushia mawe, na yale maneno ya uchawi akionekana usiku kwenye paa la bibi fulani. Maneno hayo nayachukia. Mikoa yetu imezika vikongwe wengi kwa tuhuma za namna hiyo.

Sasa tufanyeje na mkubwa ambaye tayari ni mkali? Kwanza jiulize, ameanza lini. Aliyekuwa mpole akabadilika ghafla huenda anaumwa: jino, kidonda cha kupigana, masikio yenye uchafu mweusi. Na akiwa anatokwa mate, anashindwa kumeza, sauti imebadilika au anawarukia watu bila kuchokozwa, usimguse kabisa. Fungia mlango kama unaweza, toa watoto, mwite afisa mifugo.

Kama ukali ni wa siku zote, anza na chakula. Mpe dagaa kidogo saa ile ile kila siku, wewe ukiwa umekaa hatua tano hivi kutoka kwake. Kaa chini, usimkodolee macho, kwa paka huo ni ugomvi. Siku zikienda, sogeza kisahani karibu nawe, kidogo kidogo. Akisita, rudisha nyuma. Akishakula karibu na mguu wako bila kugeuka geuka, mwache anuse mkono wako, kisha mkune shavuni au chini ya kidevu mara mbili tu, uache. Uache kabla hajachoka. Hili ndilo linalowashinda wengi: paka amekubali sekunde tatu, mtu anataka dakika tatu, anang'atwa, halafu anasema paka ni mnafiki. Paka alishamwambia. Masikio yakilala nyuma, mkia ukianza kupiga chini, ngozi ya mgongo ikitetemeka, ondoa mkono. Usimpige, usimkemee. Kofi moja linafuta kazi ya wiki mbili.

Tumbo liache, mkia uache. Kuchana manyoya anza na kitambaa, baadaye mswaki wa zamani ulio laini, kwenye shavu na shingo, ndipo mgongo. Kumchana si urembo wa mjini, maana hapo ndipo utaona viroboto, kupe na vidonda mapema.

Nikishasema viroboto, nakuomba sana: usimwogeshe paka kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Najua dumu lipo nyumbani, na mbwa ulimwogesha hakufa. Nyingi ya dawa zile ni jamii ya pairethroidi, na ini la paka haliwezi kuzivunja. Anaanza kutetemeka, anadegedeka, anakufa. Zenye amitrazi nazo si zake. Hata baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia mahindi zina pairethroidi hiyo hiyo, kwa hiyo usimpake kuua viroboto. Panadol nayo humuua. Tumia kitana chenye meno ya karibu na maji ya sabuni ya kuchovyea viroboto, na dawa nunua iliyoandikwa kwamba ni ya paka.

Kwa ajili ya siku ya chanjo, mzoeshe tenga la kuku. Liweke wazi stoo na kanga kuukuu ndani yake, dagaa wawe wanaliwa humo humo. Siku ikifika unafunga mlango tu, unafunika na kanga, unakuja naye kimya. Ukitaka kumshika, mviringishe kwenye kanga, kichwa kikiwa nje. Kiroba hapana, nimeshaonyesha mkono wangu kwa watu wa kutosha. Dume ukiweza mhasi, ugomvi wa usiku utapungua.

Nisikudanganye, paka shume aliyekulia porini pengine hatalala mapajani mwako kamwe. Simtafuti huyo. Namtafuta anayevumilia kushikwa dakika mbili.

Paka wa yule mfanyabiashara alirudi mwenyewe usiku ule ule. Siku 10 zilipita yuko mzima, na mtoto anamalizia sindano zake. Sasa ni wiki ya nne tangu waanze. Anakula dagaa pembeni ya ndala za baba mwenye nyumba, shavu anakubali, tenga bado analinusa tu na kuondoka. Jumamosi nitapita na chanjo. Akiwa hajaingia, nitarudi Jumamosi inayofuata.