Malezi ya Nyumbani: Mtoto Azibaye Masikio

Wapo watoto ambao, wenzao wapazapo sauti kusoma pamoja chuoni, huziba masikio na kukimbilia mlangoni. Wapo waliao wakivishwa kanzu iliyotiwa wanga, wakataao bamia na kila chakula chenye utelezi, na wapigao kelele maji ya udhu yagusapo uso. Na wapo walio kinyume chao: hawatulii, hujigonga ukutani, huzunguka kama pia, hutafuna ukosi wa shati. Watu husema, "Huyu mkaidi," na bakora ikashikwa. Sisi twasema: ngojeni kwanza.

Hisi tano twazijua sote. Wataalamu huongeza mbili: hisi ya mizani, ambayo chombo chake kimo ndani ya sikio, na hisi ya misuli na viungo, imjulishayo mtu mkono wake uko wapi hata gizani. Habari zote hizo hupokewa na ubongo ukazipanga. Kwa watoto wengine habari huja kwa nguvu mno, nao hukimbia. Kwa wengine huja hafifu, nao hutafuta zaidi. Jambo hili huonekana sana kwa wenye usonji, na tangu mwaka 2013 madaktari wa Marekani wamelitia katika orodha ya dalili zake. Lakini si kila aliye nalo ana usonji.

Aliyelieleza kwa upana ni Bibi A. Jean Ayres wa California, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972. Yeye alikuwa mtaalamu wa tiba kazi, nayo ni elimu ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, kucheza na kusoma. Wataalamu wa namna hii hufundishwa hata kwetu, kama vile huko KCMC, Moshi. Dawa yao si sindano wala vidonge. Ni kazi na mchezo uliopimwa.

Basi nyumbani yatupasa nini? Kwanza, mtoto apimwe masikio na macho hospitalini, kwani huenda sababu iko huko. Pili, mama na baba waandike kwa juma moja: alilia saa ngapi, kulikuwa na nini, na nini kilimtuliza. Tatu, wabadili jambo moja moja. Kanzu ifuliwe mara kadhaa bila wanga, na kitambulisho cha shingoni kikatwe. Maji ya kuogea yawe vuguvugu, naye aambiwe kabla ya kumwagiwa. Chakula kipya kiwekwe pembeni mwa sahani, akiguse na kukinusa siku kadhaa, asilazimishwe. Ila akikonda, apelekwe kwa daktari upesi.

Yule asiyetulia apewe kazi ya nguvu kwa kadiri ya umri wake: kubeba ndoo ndogo ya maji, kukanda unga wa chapati, kukunja mikeka na kuipanga. Wengi hutulia baada yake. Nasi walimu tumkalishe mtoto aumizwaye na makelele mwisho wa safu, karibu na dirisha, na tumsikilize somo lake peke yake.

Haifai kuahidi miujiza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2012 kwamba utafiti juu ya tiba ya hisi ulikuwa bado mchache. Kwa hiyo mzazi na mtaalamu wakubaliane lengo lililo wazi, kama vile mtoto avae kanzu bila kulia, kisha watazame baada ya miezi michache kama limefikiwa.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mkunjaji huangalia asimvunje. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisikia kilio cha mtoto katika sala huifupisha, kwa kumwonea huruma mama yake. Ikiwa sala ya jamaa ilipunguzwa kwa ajili ya kilio, itakuwaje sisi tushindwe kukata uzi wa kitambulisho cha kanzu? Mtoto apigwaye kwa sababu ya masikio yake hujifunza kuogopa chuo, na huenda akiogope maisha yake yote. Mwenyezi Mungu atujaalie subira na macho ya kuona. Amin.