Falsafa ya Sayansi si Kukariri Majina

Katika kikao cha kupitia mitaala nilichohudhuria hivi karibuni, mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba falsafa ya sayansi iondolewe katika kozi za lazima kwa wanafunzi wa shahada za sayansi, na nafasi yake ichukuliwe na ujasiriamali. Akauliza kwa kebehi: "Mwajiri gani atamwuliza kijana wetu habari za Popper?" Wajumbe wakacheka. Mimi sikucheka, lakini wala sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nusu ya jibu hilo inanishtaki mimi mwenyewe.

Nianze na nusu inayowahusu wao. Mwezi Mei 2020, Rais John Magufuli, aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya kemia, alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na majibu yakarudi kuwa zina virusi vya korona. Papo hapo tukagawanyika. Wako walioshangilia kwamba vipimo vyote ni uongo. Wako waliokejeli papai lenye korona. Kila upande ulikuwa na jibu lake tayari. Kilichokosekana ni maswali. Sampuli zilikuwa ngapi? Zilichukuliwa na kuhifadhiwaje? Kama kosa lilikuwapo, lilikuwa la kipimo, la mpimaji, au la uchafuzi wa sampuli? Jibu moja lisilotarajiwa linabomoa nini hasa, na linaacha nini kimesimama?

Hayo si maswali ya chama wala ya upinzani. Ni maswali ya falsafa ya sayansi. Mwanafizikia wa Ufaransa, Pierre Duhem, alifundisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba jaribio haliipimi dhana moja peke yake. Hupima pia imani zetu kuhusu vyombo tulivyotumia. Kila mwaka vyuo vyetu hutoa wahitimu wa sayansi. Siku zile tulihitaji sauti zao, na tulizisikia chache mno.

Sasa nusu ya pili. Sauti hizo zilikuwa chache kwa sababu sisi tunaofundisha kozi hii hatukuzilea. Tunafundisha udadisi kwa imla. Mwanafunzi anaandika: Popper, 1934; Kuhn, 1962. Anakariri, anaitapika kwenye mtihani, anasahau. Nimewahi kutoa alama zote kwa kijana aliyeeleza bila kosa kwamba dai la kisayansi ni lile linaloweza kukanushwa na ushahidi. Kijana huyo hakuwahi kukanusha chochote maishani mwake, achilia mbali neno langu.

Kila mwaka nilikuwa nikiwasimulia kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitia kwenye jokofu maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Alipouliza sababu, alidhihakiwa na walimu na wanafunzi. Ni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, aliyekubali kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Nilikisimulia kisa hiki kama wimbo wa taifa, darasa likapiga makofi.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono: "Samahani Mwalimu, lakini jambo lenyewe ni kweli?" Alikuwa amesoma utafiti wa mwaka 2016 ambao haukuona ushahidi wa kuridhisha, na ulioonyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kinapowekwa inaweza kumpotosha mpimaji. Darasa likamcheka. Nami, nakiri, tabasamu lilinitoka. Kisha nikaona aibu: kicheko kile ndicho alichochekwa Mpemba, na safari hii mwalimu nilikuwa mimi.

Nikaweka maandiko yangu kando. Vipindi viwili vizima tulibishana tu juu ya maana ya neno "kuganda": ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni tone la mwisho kugeuka barafu? Hatukuafikiana. Lakini kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza kama jambo hilo litatoka kwenye mtihani.

Kwa hiyo nitarudi kikaoni na hoja moja yenye pande mbili. Kozi ibaki kuwa ya lazima. Mtihani wake wa kukariri ufutwe. Mwanafunzi apewe dai halisi, la dawa, la mbegu au la kipimo, aeleze ni ushahidi gani ungemfanya aliache. Tukishindwa kufundisha hivyo, basi mjumbe yule ana haki, na kozi yetu ife.

Mwajiri hatamwuliza habari za Popper, nakubali. Lakini iko siku mgonjwa aliyeshika karatasi ya majibu ya maabara atamwuliza kijana wetu: "Hiki kipimo kinaweza kukosea?" Wajumbe wanieleze ni kozi gani nyingine itakayomwandaa kujibu.